Stima ikirudi ndipo friji huungua: Figo zako pia ziko hivyo

Kila anayeishi Nairobi amejifunza jambo moja bila kufunzwa na mwalimu yeyote: stima ikipotea, chomoa friji na TV. Si kwamba giza litaziharibu. Friji inaweza kukaa gizani usiku mzima na isipate neno. Kinachoiua ni ile dakika stima inaporudi kwa kishindo. Taa zinamulika kuliko kawaida, ploti nzima inashangilia, halafu kwa jirani unasikia "pap!" na harufu ya waya inafuata.

Maji ya mgao nayo yana tabia hiyo hiyo. Wewe wa Kawangware, Kangemi au Uthiru unajua. Mifereji ikikauka siku kadhaa, maji ya kwanza kurudi huwa na rangi ya chai. Yamebeba kutu na uchafu wote uliokuwa umelala ndani ya paipu. Hakuna anayekinga hayo ya kwanza kupikia.

Sasa shika picha hizo mbili, kwa sababu zitakusaidia kuelewa jinsi figo zinavyoharibika kwa watu wa rika letu. Tumezoea kudhani shida ya figo ni ya wazee wenye presha na kisukari. Lakini kuna yule aliyegongwa akiwa kwenye boda. Kuna dada aliyevuja damu nyingi akijifungua. Kuna aliyefukiwa na jengo, aliyepigwa na umati, na aliyeendesha na kutapika siku mbili akiona kwenda hospitali ni kujisumbua. Hawa wote wanafanana kwa kitu kimoja: damu ilipungua au ilikatika, kisha ikarudi. Na figo huumia mara mbili, ikikatika na ikirudi.

Mimi si daktari. Niliacha chuo kabla ya kuvaa joho, na hata nilichokuwa nikisoma hakikuhusu mwili wa binadamu. Ila hili jambo halihitaji joho ulielewe, na ukilielewa linaweza kumwokoa beshte yako. Twende polepole.

Kibarua wa mwili

Kila figo ina ukubwa wa ngumi yako na uzani wa gramu 150 hivi. Zote mbili hazifiki nusu kilo. Lakini ukiwa umetulia tu, takriban moja kwa tano ya damu yote ambayo moyo unasukuma huelekea kwenye figo. Hiyo ni kama lita moja kila dakika. Kwa siku inapita lita 1,400. Yale matangi meusi ya lita 1,000 yaliyo juu ya paa, damu inayopita kwenye figo zako ingejaza moja na karibu nusu ya la pili, kila siku.

Ndani ya figo kuna vijifereji vidogo mno, na seli za vijifereji hivyo ndizo hufanya kazi ngumu: kurudisha mwilini chumvi, sukari na maji unayohitaji, na kuacha taka itoke kwa mkojo. Kazi hiyo hula oksijeni nyingi. Na sehemu ya ndani ya figo, hata siku ya kawaida, hupata oksijeni kidogo. Seli za huko ni kama kibarua wa mjengo: mshahara wa leo ndio chakula cha leo. Hakuna akiba.

Kwa hivyo damu ikikatika, njaa huanza ndani ya dakika chache. Nishati inaisha. Pampu zinazotoa chumvi nje ya seli zinazima. Chumvi na kalsiamu zinaingia, seli inavimba, na taka zinaanza kujikusanya. Madaktari wa upasuaji wanapolazimika kubana mshipa wa figo, kwa mfano wakitoa uvimbe, hujaribu sana wasipitishe dakika 30 hivi mwili ukiwa na joto lake la kawaida. Hilo ni jeraha la kwanza.

Jeraha la pili huja damu inaporudi. Oksijeni inaingia kwa wingi ikikuta mitokondria, yaani mitambo ya nishati ndani ya seli, imevurugika. Badala ya kutengeneza nishati, mitambo hiyo inatema kemikali kali zinazochoma kuta za seli. Hapo ndipo friji inapoungua. Kisha chembe nyeupe za damu zinakuja mbio, kama polisi walioitwa kutuliza fujo wakaanza kurusha vitoa machozi kwa kila mtu, hadi mama wa mboga ambaye hakuwa na habari. Mishipa midogo inavimba na kuziba. Barabara kubwa imefunguliwa, lakini vichochoroni hakupitiki.

Utauliza: basi damu isirudishwe? La, hasha. Isiporudi, figo inakufa kabisa. Kinachookoa figo ni mambo mawili: muda ambao damu imekatika uwe mfupi, na mwili uwe umetayarishwa kabla damu haijarudi. Kila kitu kingine katika makala haya kinatoka kwa hayo mawili.

Chini ya vifusi

Wanasayansi walilielewa vizuri jambo hili kwa sababu ya mabomu. Mwaka wa 1940 na 1941, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikishambulia London, watu walikuwa wakitolewa chini ya nyumba zilizoporomoka wakiwa wanaongea, wanashukuru Mungu, mguu tu ndio umeumia. Baada ya saa chache presha inashuka. Mkojo unakuwa wa rangi nyeusi nyeusi, kisha unapungua hadi unakauka. Wengine walifariki baada ya siku kadhaa. Daktari Eric Bywaters na mwenzake Desmond Beall waliandika kuhusu wagonjwa hao mwaka wa 1941, na ugonjwa huo wa kukandamizwa ukaingia rasmi kwenye vitabu vya udaktari.

Kumbe siri ilikuwa kwenye misuli. Mguu ukikandamizwa kwa saa nyingi, damu haipiti, na misuli inaanza kufa. Ukiinua zege ghafla, damu inarudi kwenye ule mguu na kuzoa uchafu wote: potasiamu inayoweza kusimamisha moyo, asidi, na protini ya misuli inayoitwa mayoglobini ambayo huziba na kuchoma vijifereji vya figo. Haya ndiyo yale maji ya rangi ya chai. Mara hii, chujio la mwisho la kuyapokea ni figo zako. Wakati huo huo, maji ya mwili yanakimbilia kwenye mguu uliovimba, damu inapungua kwingine, na figo zinakosa damu huku zimebebeshwa taka.

Nairobi tunajua vifusi. Agosti 7, 1998, bomu lililolenga ubalozi wa Marekani katikati ya jiji liliporomosha jengo la Ufundi lililokuwa jirani, na watu walinasa humo. Waliokufa Nairobi siku hiyo walikuwa zaidi ya 200. Januari 2006 jengo lililokuwa likijengwa lilianguka karibu na Nyamakima. Septemba 23, 2019, huku kwetu magharibi, madarasa ya shule ya Precious Talent yaliporomoka Ng'ando, Dagoretti, asubuhi watoto wakiwa ndani. Wanane walikufa na makumi wakajeruhiwa.

Lakini kuna siku moja nataka uikumbuke. Aprili 29, 2016, jumba la ghorofa sita lilianguka Huruma usiku wa mvua kubwa. Siku sita baadaye, waokoaji wakasikia sauti ya mwanamke chini ya vifusi. Walichofanya ndicho cha kuzingatia. Kabla hawajamtoa, walimpelekea oksijeni na kumwekea dripu akiwa bado amenasa. Wengi wetu tuliokuwa tukitazama tulikuwa tunapiga kelele, "mtoeni!" Ila ile dripu haikuwa ya kupoteza muda. Maji yanayoingia mishipani kabla ya mtu kufunguliwa ndiyo yanayoinua presha, yanayopunguza makali ya taka, na kuzisukuma zipite kwenye figo badala ya kuganda humo. Miongozo ya wataalamu wa figo duniani inasema hivyo hivyo: anza dripu kabla ya kumtoa, hadi lita moja kwa saa kwa mtu mzima, huku wahudumu wakimwangalia kwa karibu.

Sasa wewe na mimi hatutembei na dripu. Lakini kuna kanuni ya huduma ya kwanza unayoweza kuishika. Mtu akinaswa chini ya kitu kizito na hazijapita dakika 15, kitoe kama unaweza kukitoa salama. Zikipita, na anapumua vizuri, wala hakuna moto au hatari nyingine inayokaribia, usiharakishe kuinua. Piga 999 au 112, waambie kabisa "amekandamizwa tangu saa fulani", na umwongeleshe hadi wahudumu wafike. Ile saa uliyoikumbuka ni dawa tosha kwa daktari.

Boda, maandamano na umati

Vifusi havianguki kila wiki. Boda huanguka kila siku. Simama Dagoretti Corner saa moja jioni, au kwenye Waiyaki Way pale Kangemi, utaona jinsi tunavyoishi kwa neema. Kutoka Kawangware hadi Hospitali ya Kenyatta si mbali, lakini uliza yeyote anayepanda 46 jioni ya mvua hiyo safari huchukua muda gani.

Mtu anayevuja damu, mwili wake hufanya uamuzi mgumu: unabana mishipa ya sehemu zingine ili ubongo na moyo vipate. Figo ni miongoni mwa wale wanaonyimwa kwanza. Kwa hivyo kila dakika jeraha linapovuja, seli za vijifereji zinalala njaa. Kuzuia damu isitoke ni kulinda figo, hata kama wewe unaona paja tu.

Fanya hivi. Chukua kitambaa safi, leso, hata fulana yako, ubonyeze pale pale damu inapotoka kwa nguvu zako zote, na usiachilie kila mara ukichungulia. Kama ni mkono au mguu, na damu inaruka na haikubali kusimama, funga juu ya jeraha kwa kitambaa kipana ukaze hadi isimame, na uandike saa uliyofunga, hata kwa kalamu kwenye paji la uso wake. Kwa nini saa? Kwa sababu umekata damu ya mguu ule, na umeshajua sasa kwamba kufungua kuna hatari yake. Usifungue fungue njiani. Acha afungue daktari. Waliokuwa mjini kwenye maandamano ya Juni 2024 waliona vijana wa kujitolea wakifanya kazi hii barabarani. Hakuna sababu ya wachache tu kuijua.

Na yule aliyepigwa? Mtu aliyeshukiwa kuiba simu, umati ukamshukia kwa rungu na mateke, hata kama hana jeraha la kutoa damu, misuli yake imepondwa. Mayoglobini inatoka vile vile kana kwamba alifukiwa. Anaweza kutembea leo na figo zikazima kesho. Ukiona mkojo wa rangi ya soda nyeusi baada ya kipigo, ajali, au hata mazoezi ya kupita kiasi, hiyo si ya kungoja Jumatatu.

Ukifika hospitalini wakaanza na hadithi ya "lete pesa kwanza", jua haki yako. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikarudia hilo na kuweka adhabu kwa kituo kinachokataa. Litaje kwa sauti, bila matusi.

Diklofenaki ya Jumapili

Hapa naongea na wewe wa Westlands Ijumaa usiku. Umetapika usiku kucha, tumbo linaendesha, kichwa kinapasuka. Unaingia duka la dawa, unameza diklofenaki mbili au Brufen na unarudi kulala bila maji. Umefanya nini?

Mwili uliopungukiwa na maji una damu kidogo ya kugawa. Figo hujitetea kwa kemikali fulani ambazo hupanua mshipa unaoingiza damu, ili hata hicho kidogo kiingie. Diklofenaki na ndugu zake hufanya kazi kwa kuzima kemikali hizo hizo, kwa sababu ndizo pia huleta maumivu. Kwa hivyo unafunga lango wakati figo inalilia damu. Kwa kijana mzima, mara moja huenda isilete shida. Lakini aliye na kipindupindu, aliyevuja damu au aliyetoka kwenye ajali akipewa dawa hizi kiholela, anaongezewa jeraha. Ukiwa unaharisha au kutapika, anza na ile chumvi ya kuchanganya na maji ya kunywa, ile ya paketi. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo chake ni nafuu zaidi kwa figo.

Na kuna wale wanaouza "dawa ya kusafisha figo", kwenye vibanda vya mjini na kwenye TikTok. Wacha niwe wazi: hakuna hata dawa moja, ya kizungu au ya mitishamba, iliyothibitishwa kuwa ukiimeza itazuia jeraha la damu kukatika na kurudi. Watafiti wametafuta miaka mingi. Wamejaribu hata kubana mkono kwa mkanda wa kupimia presha dakika chache kabla ya upasuaji wa moyo, ili mwili uzoee njaa ndogo kabla ya njaa kubwa. Matokeo ya 2015 yalitofautiana: utafiti mmoja uliona faida kwa figo, mingine mikubwa haikuona. Kama wao bado wanatafuta, huyo wa kwenye video ameipatia wapi? Mitishamba mingine yenyewe huua figo.

Barafu na saa

Mahali binadamu amefaulu zaidi kulidhibiti jeraha hili ni kwenye upandikizaji, kwa sababu pale damu hukatwa kwa kupanga. Figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio ilikuwa Boston, Marekani, Desemba 23, 1954. Ilitolewa kwa Ronald Herrick, na daktari Joseph Murray akaiweka kwa pacha wake Richard. Ilikaa dakika 82 bila damu, kisha ikafanya kazi. Richard aliishi miaka mingine 8.

Baadaye wataalamu wakajifunza kutumia baridi. Ukiiosha figo kwa maji maalum na kuiweka kwenye barafu, karibu nyuzi 4, mahitaji yake ya nishati hushuka hadi sehemu ndogo sana ya kawaida. Kibarua analazwa usingizi ili asihisi njaa. Folkert Belzer na James Southard wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitengeneza maji hayo miaka ya 1980, na figo ikaweza kuhifadhiwa kwa saa 24 na zaidi. Lakini hata kwenye barafu saa inahesabu.

Hapa Nairobi, Kenyatta imekuwa ikipandikiza figo kwa miaka mingi, na anayetoa huwa ni mtu aliye hai, kwa kawaida jamaa. Hilo lina faida yake: anayetoa na anayepokea wanaweza kuwa kwenye vyumba jirani, figo ikatoka hapa na kuingia pale bila safari ndefu. Lakini foleni ya wanaohitaji ni ndefu, na wengi huishi kwa mashine ya kusafisha damu mara 2 au 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, iliweka malipo ya Sh10,650 kwa kila kikao. Linganisha na chupa ya dripu iliyowekwa mapema.

Habari njema ni kwamba jeraha hili mara nyingi hupona. Seli za vijifereji huweza kumea upya kwa wiki chache zikipewa nafasi. Ila aliyewahi kuumia hubaki na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa sugu wa figo baadaye. Kwa hivyo aliyepitia hayo apimwe damu tena baada ya miezi 3, hata kama anajisikia fiti.

Swali la kuuliza wodini

Ukimpeleka mtu wako hospitalini baada ya ajali, kuvuja damu au kuharisha sana, utaketi kwenye benchi la kungoja ukijiona huna kazi. Unayo. Angalia mkojo. Mtu mzima akitoa chini ya mililita 400 kwa siku nzima, yaani hata haujajaza chupa ya soda ya nusu lita, figo zinalia. Rangi ikigeuka nyeusi au ya chai, zinalia zaidi. Wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi, na hicho ni kitu kinachoweza kupita bila kuonekana hadi uso uanze kuvimba.

Kwa hivyo usione haya. Mwambie daktari dawa za maumivu alizomeza. Mwambie saa aliyoumia na saa uliyomfunga kitambaa. Halafu muulize muuguzi, kwa heshima, "Sista, amekojoa?" Ukiambiwa bado, rudi baada ya saa moja uulize tena.